Sura ya Nne: Kufuli la Bure

Karatasi ya kukiri kosa ilikuwa imeshaandikwa tangu asubuhi, kwa mwandiko safi wa Mkuu wa kituo mwenyewe, na ilikosa kitu kimoja tu: dole gumba la mwanamke aliyeketi mbele yake.

"Weka hapa," Mkuu alisema, akisogeza kidau cha wino. "Dakika moja, unaondoka zako."

"Siweki."

"Familia imeshasema itakusamehe."

"Anayesamehe ni aliyekosewa. Mimi sijamkosea mtu."

"Mwanamke mkaidi wewe."

"Naam," alijibu, akaficha mikono yake miwili chini ya kwapa, dole gumba ndani, kama mtu anayeona baridi.

Sajini aliyesimama mlangoni alijikuta anacheka kwa ndani. Watu walimwita Sajini Futi, kwa sababu ya futi ya chuma aliyotembea nayo mfukoni, ile inayojirudi yenyewe ndani ya kasha lake. Baba yake alikuwa seremala. Binti alirithi futi, na ubishi ukawa nyongeza. Miaka kumi na tisa kazini, na bado cheo kilikuwa kilekile, maana mdomo wake nao haukupungua.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Mwanamke yule, waliyemwita Mama Pacha, ni mkamwana wa nyumba yenye geti la bluu, mtaa wa pili kutoka kituoni. Mama mkwe wake alikuwa na kuku ishirini na wanne wa mayai. Katika wiki tatu walitoweka kumi na wanne: watano, watano tena, kisha wanne. Kila mara kufuli la banda lilikutwa limefungwa, halina hata mkwaruzo. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulining'inia shingoni mwa Mama Pacha. Jana saa nne asubuhi wifi yake alimkamata mkono, akamtembeza mtaa mzima mpaka kituoni, watu wakitazama. Mume, dereva wa lori, yuko safarini na simu yake haipatikani.

"Akiweka dole gumba," Mkuu alimwambia Sajini, "mashtaka yanafutwa. Wanamrudisha kwao, basi. Asipoweka, gari la mahakamani linaondoka saa kumi."

"Na watoto?"

"Pacha wanabaki kwa baba yao. Ndivyo walivyokubaliana."

"Nani na nani?" Mama Pacha aliuliza. "Mimi sikuwepo kwenye kikao hicho."

Mkuu alipuliza pumzi, akageukia dirishani. Nje, nyuma ya nyumba yake ya serikali, lilisimama banda la kuku la rangi ya kijani, jipya, linang'aa. Alilinunua wiki iliyopita na tangu hapo alikuwa akimsimulia kila anayekanyaga ofisini. "Sajini, hata mimi mfugaji. Nimepata banda kwa bei ya kutupa, limekuja na kuku juu, zawadi. Wana kiburi hao kuku, ukiwaita hawaji. Lakini kuna mtu amenisikia nikiwalilia? Ni kuku hawa, Sajini. Kuku."

"Ni kuku na pacha wawili, Afande. Sasa ni saa tano. Nipe mpaka saa kumi."

Mkuu alitazama saa yake. Alijua akimkatalia atasikiliza hotuba. "Saa kumi kamili," alisema. "Gari halimngoji mtu."

Sajini alifungua daftari la vielelezo, akatia sahihi, akachukua bahasha yenye ufunguo. Kabla hajatoka alimwinamia mshukiwa. "Usiku ule wa mwisho, wifi yako anasema alikuona uani na tochi."

"Aliniona. Kuku walipiga kelele, nikatoka. Kufuli nikalikuta limefungwa, nikarudi kulala. Asubuhi nikahesabu, wanne hawapo. Sasa mwizi gani anajimulika mwenyewe na tochi?"

"Mbona hukulisema hilo jana?"

"Nililisema. Hawakuliandika." Alitabasamu bila furaha. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Sajini. Miaka sita niko nyumba ile, bado mimi ndiye kuku mgeni."

* * *

Geti la bluu lilifunguliwa na wifi mwenyewe, kabla hata Sajini hajabisha mara ya pili.

"Amekiri?"

"Hujambo nawe. Banda liko wapi?"

Lilikuwa nyuma ya jiko. Kijani lilelile, paa lenye mgongo, dirisha dogo la wavu, na kibao cha plastiki mlangoni: BANDA BORA, KUKU THELATHINI. Mama mkwe, mwanamke mnene mwenye miguu mibovu, alitoka jikoni akijifuta mikono, akaleta kiti ambacho Sajini hakukikalia.

Kwanza alilizunguka banda bila kugusa kitu. Kisha alitoa futi.

Urefu, futi sita. Upana, futi nne. Ndani mlikuwa na vijiti viwili vya kulalia. Akavipima kwa shubiri, maana kuku mmoja anataka shubiri nzima ya kijiti ili alale bila kusukumana. Shubiri nane na shubiri nane. Hao ni kumi na sita, tena wakilala kama samaki kwenye kopo. Na kwa nafasi ya sakafu, kumi wangetosha.

"Hapa mliweka ishirini na wanne?"

"Kibao kinasema thelathini," mama mkwe alijitetea. "Tukajua bado tuna nafasi."

"Walikuwa wanapigana?"

"Walikuwa wananyonyoana mpaka damu. Ajabu, tangu wapungue wametulia." Kisha akaona aibu kwa alichosema.

Sajini aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, kama baba yake alivyomfundisha, akasikiliza. Ulilia kama kasha tupu la viatu. Akautia ukucha, ukucha ukazama. Rangi ya kijani ilikuwa nje tu, ndani ubao ulikuwa mweupe, umeshaanza kuota ukungu chini, mahali maji ya paa yanapotiririkia. Akashika kona ya banda kwa mkono mmoja akainua. Banda zima likanyanyuka, na kuku wekundu kumi waliobaki wakalalamika.

"Taratibu, litavunjika," wifi alisema.

"Ndilo ninalolitazama."

Akashika wavu kwa vidole viwili akauvuta. Pini zilizoushikilia zikatoka moja baada ya nyingine, taratibu, kama vifungo vya shati kuukuu. Hakutumia nguvu. Wifi alitazama tundu lililofunguka, upana wa kutosha mtu kuingiza kichwa, akageuza uso.

"Kuna tundu lingine kule nyuma," alisema, sauti ikipanda. "Njoo uone. Alilitoboa yeye, ili tuseme ni kicheche."

Sajini alilala kifudifudi uani, sare na yote, akalitazama tundu la nyuma. Lilitosha ngumi tu. Waya ulikuwa umeliwa na kutu, ukakatika wenyewe pale paa linapovujia. Akatafuta manyoya, damu, unyoya uliokwama, alama ya kucha. Hakuna. Kicheche akila kuku kumi na wanne huacha msiba uwanja mzima. Na hakuna kuku mzima anayepita kwenye tundu la ngumi.

"Hili ni kutu," alisema akijikung'uta. "Si mnyama, wala si mtu. Ni bei."

"Bei gani?"

"Ya banda." Akamgeukia mama mkwe. "Mama, nani alilileta?"

Uso wa mama mkwe ulichangamka. Lililetwa na yule kijana wanayemwita Garantii, akalifunga mwenyewe kwa nusu saa, kwa bisibisi moja. Lilikuja vipande vipande ndani ya boksi, na ndani ya boksi hilohilo kufuli, bure, na ufunguo wake. Kijana wa watu, ana adabu. Banda likiharibika anapigiwa simu, anakuja siku hiyohiyo, hataki hata nauli.

"Amekuja mara ngapi?"

"Mara tatu. Kwanza bawaba ya mlango iling'oka. Halafu paa likavuja. Halafu kiota kikabonyea."

"Siku gani?"

Mama mkwe alihesabu kwa vidole, akisaidiwa na siku za dawa zake za miguu. Sajini aliandika tarehe tatu, akachukua maelezo ya wifi, akaandika pembeni tarehe tatu za wizi. Kila wizi ulikuja siku ya pili baada ya matengenezo. Alizisoma mara mbili, asije akawa anajifurahisha.

"Akija hufanya nini zaidi ya kutengeneza?"

"Huwahesabu kuku. Anasema lazima ajue mzigo wa banda."

Wifi alikunja mikono. "Sajini, kikulacho ki nguoni mwako. Ufunguo ni mmoja. Hata huyo Garantii awe amekuja mara mia, ameingiaje bila ufunguo?"

Lilikuwa swali zuri. Sajini alimwambia hivyo, akaliandika daftarini. Kisha akaona kopo la rangi, tupu, limetundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa banda, na kijiko kimefungwa kwa kamba.

"Hili la nini?"

"La Mama Pacha," alisema mama mkwe, sasa kwa sauti ya chini. "Ndiyo kengele yake ya chakula. Anagonga mara mbili, ananyamaza, anagonga mara moja. Wanakuja mbio hata wawe wapi. Tangu jana mimi nagonga, nakosea. Hawanijui."

Sajini alilitoa kopo msumarini, akaandika hati ya kulichukua, akawapa waitie sahihi. Mama mkwe alitia. Akasimama na kalamu mkononi, akasema bila kumtazama binti yake, "Nitakuja kituoni. Nimpelekee chakula."

"Mama!"

"Nitakwenda," alirudia. "Miguu ni yangu."

* * *

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mabanda ya Garantii yalikuwa yametembezwa mpaka ukingoni mwa barabara. Saba yalipangwa mstari mmoja, yote kijani, na juu yake bango: NUNUA BANDA LEO, ONDOKA NA KUKU WATANO BURE.

Sajini alisimama chini ya bango, akalisoma neno kwa neno. Watano. Kisha akaingia.

Garantii alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi zaidi. Alimpa kiti, akamwita mama, akamuuliza kuhusu afya. Nyuma yake kulikuwa na katoni wazi, imejaa makufuli madogo ya shaba. Alipoona macho ya Sajini yanaelekea huko, aliisogeza chini ya meza kwa mguu, bila haraka, huku akiendelea kutabasamu.

"Banda hili linachukua kuku wangapi?" Sajini aliuliza.

"Thelathini, mama."

"Nimepima. Kumi."

"Inategemea na kuku wenyewe, mama. Kuku wakipendana..."

"Ubao umetiwa dawa?"

"Dawa kamili, ya mchwa na ya mvua."

"Nimeutia ukucha."

"Ndiyo maana kuna garantii. Mwaka mzima. Nani mwingine anakupa mwaka mzima?"

"Nyumba ya geti la bluu umekwenda mara tatu."

"Wateja wangu siwatupi." Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nimesikia ya yule dada. Inasikitisha. Mtu unamwamini na ufunguo."

"Ufunguo wa kufuli moja unaweza kufungua lingine?"

Garantii alicheka, cheko la mtu aliyeulizwa kama maziwa hutoka kwenye mawe. "Haiwezekani. Kila kufuli na ufunguo wake, mama. Kuku wakitoweka na kufuli ni zima, muulizeni mwenye ufunguo."

"Na hawa kuku wa zawadi unawapata wapi?"

"Nawalea mwenyewe. Tangu vifaranga."

"Hujawahi kununua kuku kwa mtu? Kwa yule dada, kwa mfano?"

"Kwa yule? Sijawahi kununua kwake hata yai."

Ndani ya banda la maonyesho, la mwisho kwenye mstari, kuku wekundu walikuwa wakidonoa sakafu tupu. Sajini aliwahesabu.

"Bango linasema watano. Hawa ni wanne."

"Wa tano yuko njiani," alisema Garantii.

Sajini aliandika: wanne. Usiku wa wizi wa tatu mwizi alitaka watano kama kawaida, Mama Pacha akawasha tochi, mwizi akakimbia na wanne. Lakini kulijua jambo si kulithibitisha. Kuku wekundu wako elfu. Na akilidai kufuli hapa, sasa hivi, kijana huyu atasema ni bahati mbaya ya kiwandani, hata yeye hakujua. Alimhitaji aseme kwanza, kwa maandishi, kwamba anayajua makufuli yake.

"Haya uliyoniambia, kuhusu kufuli na kuhusu kuku. Utayasema kwa maandishi?"

"Hata sasa hivi."

"Karatasi rasmi ziko kituoni."

"Twende," Garantii alisema, akachukua koti lake. "Mkuu wako ni mteja wangu. Nitamsalimia."

* * *

Saa tisa na robo Garantii alitia sahihi maelezo yake. Sajini alimuuliza kama anataka kusomewa kwanza. Akasema hana shaka naye, akaweka na dole gumba bila kuombwa, akajifuta wino kwa leso nyeupe. Mama Pacha, kwenye benchi ng'ambo ya chumba, alimtazama anavyofanya. Pembeni yake mama mkwe alikuwa na bakuli la chakula ambalo halikufunguliwa.

"Afande," Sajini alisema mlangoni kwa Mkuu, "naomba tutoke kidogo. Nyuma, kwenye banda lako."

"Gari linakuja, Sajini."

"Dakika kumi."

"Banda langu linahusu nini?"

"Linahusu, Afande. Ukiona halihusu, niandikie barua ya onyo. Nina nne tayari."

Wakatoka. Garantii alifurahi kuliona banda lake uani kwa mkubwa. "Mzee, linaendeleaje?"

"Paa linavuja," alisema Mkuu.

"Nitakuja kesho."

"Usijisumbue," alisema Sajini. Alimwomba Mkuu asimame karibu na mlango wa banda. "Kufuli hili ulipewa na nani, Afande?"

"Lilikuja na banda. Bure."

"Na ufunguo wake?"

Mkuu aliutoa mfukoni, ufunguo mmoja kwenye kamba ya kiatu. Sajini akamwomba aushike, asimpe. Kisha akafungua bahasha ya kielelezo, akauinua juu ufunguo wa Mama Pacha ili kila mtu auone, akautia kwenye kufuli la Mkuu wa kituo.

Kufuli likafunguka.

Mkuu alilichukua kufuli mkononi mwake, akalifunga, akalifungua tena kwa ufunguo wa mshukiwa. Akafanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu alikuwa akimtazama Garantii.

"Bahati mbaya," Garantii alisema. "Mambo ya kiwandani. Hata mimi sikujua."

"Umeandika kwamba unajua," alisema Sajini. "Robo saa iliyopita, kwa sahihi na kwa dole gumba. Kila kufuli na ufunguo wake, mwenye ufunguo ndiye wa kuulizwa. Una katoni nzima chini ya meza, na uliisogeza kwa mguu nilipoitazama. Afande, nilikuwa najiuliza tangu mchana kwa nini mwizi ahangaike na kufuli. Banda lile nimeling'oa wavu kwa vidole viwili. Mwizi wa kawaida angevuta tu, akachukua kuku, akaenda. Huyu hakutaka kulivunja. Ni nani duniani anayeiba kuku huku akilionea huruma banda?"

Mkuu alijibu polepole. "Anayeliuza."

"Banda likivunjwa, mtaa mzima utasema mabanda yake ni makaratasi. Banda likiwa zima, mtaa utasema mkamwana ni mwizi. Akamchagua mkamwana."

"Hayo ni maneno," alisema Garantii. Jasho lilikuwa limeanza kulowanisha kola yake iliyopigwa pasi. "Kuku hawana majina. Hawa ni wangu, nimewalea."

"Tangu vifaranga. Hilo nalo umeandika."

Sajini alifungua mlango wa banda. Kuku watano wekundu wakatoka, wakaenda moja kwa moja mwisho wa ua, chini ya kamba ya nguo, wakaanza kupekua mchanga. Akamkabidhi Mkuu kopo na kijiko. "Waite, Afande."

Mkuu aligonga mfululizo, kwa nguvu. Kuku mmoja aliinua kichwa, akakishusha.

"Wewe mlezi wao, waite."

Garantii aligonga, akaita kuku kuku kuku kwa sauti tamu. Hawakugeuka. Mkuu alikohoa kidogo.

Ndipo Sajini akamleta Mama Pacha, akamsimamisha nyuma ya ukuta wa jiko, mahali ambapo kuku wasingeweza kumwona, akampa kopo. "Fanya kama kila siku."

Mama Pacha alilishika kopo kwa muda bila kuligonga. Aliogopa, na Sajini aliona kwamba anaogopa. Watoto wake wawili walikuwa ndani ya kopo lile. Kisha akagonga mara mbili. Akanyamaza. Akagonga mara moja.

Vichwa vitano viliinuka pamoja. Kuku wakaja mbio, mbawa wazi, wakipigana vikumbo, wakapita katikati ya miguu ya Garantii, wakazunguka ukuta, wakamkuta. Walipofika wakaanza kulalamika kwamba hakuna chakula.

"Hawa ni wa mara ya pili," Mama Pacha alisema, akiwa amechuchumaa. "Huyu mwenye kidole kilichopinda aliangukiwa na mlango wa banda, ile siku bawaba ilipong'oka."

Garantii alirudi hatua moja nyuma. "Aliniuzia yeye. Haya, ndiyo, aliniuzia."

"Hata yai hukununua kwake," Sajini alisema. "Umeandika. Njia ya mwongo fupi, mwanangu, yako haikufika hata getini. Wako wanne zaidi kwenye banda lako la mwisho, wanamngoja wa tano. Na watano wa kwanza utatuonyesha ulimpa nani."

Mkuu aliita askari wawili. Walipokuwa wakimpeleka Garantii ndani, alibaki akiwatazama kuku wake wa zawadi. "Lakini hawa mimi nimepewa kihalali."

"Ni vielelezo, Afande. Na wana mwenyewe."

"Na banda?"

"Banda ni lako. Halali kabisa. Usiweke zaidi ya kumi."

Honi ya gari la mahakamani ililia mbele ya kituo. Mkuu alitoka kulisemesha mwenyewe, akalirudisha tupu.

* * *

Ofisini, Mkuu aliichana ile karatasi ya kukiri kosa vipande vinne, akamwambia Mama Pacha yuko huru, aende zake nyumbani.

Mama Pacha hakuinuka. "Nilitolewa nyumbani saa nne asubuhi, nimeshikwa mkono, mtaa mzima ukitazama. Sasa nirudi peke yangu jioni, kimyakimya, kama niliyetoroka?"

"Unataka nini?"

"Aliyenileta anirudishe. Kwa njia ileile. Na asimame getini aseme kwa sauti aliyosemea jana."

Mkuu alimtazama Sajini, akitafuta msaada. Sajini alikuwa akirudisha futi kwenye kasha lake kwa makini sana.

Aliyejibu ni mama mkwe, kutoka kwenye benchi. "Atakuja. Nitampigia simu sasa hivi, na asipokuja nitakushika mkono mimi." Akakohoa. "Nami nilinyamaza, mwanangu. Niliogopa kugombana na binti yangu. Nisamehe."

"Nitafikiria, Mama," alisema Mama Pacha. Hakusema kwa ukali, lakini hakusema zaidi ya hilo. "Chakula nipe. Nina njaa tangu jana."

Alikula chote, mbele ya meza ya Mkuu, bila haraka. Alipomaliza kunawa, Sajini aliweka karatasi mpya mbele yake pamoja na kidau cha wino. Mikono ya Mama Pacha ikarudi chini ya kwapa papo hapo.

"Nisomee kwanza," alisema.

Sajini alisoma: kwamba mwenye kuweka dole gumba hapa chini amewatambua kuku watano wa mayai, wekundu, hai, mmoja ana kidole kilichopinda, kwamba ni wa nyumba yake, na kwamba hakumuuzia wala kumpa mtu yeyote.

"Rudia hapo pa mwisho."

"Kwamba hakumuuzia wala kumpa mtu yeyote."

"Nyumba yake umeandika, au nyumba ya mama mkwe wake?"

"Nimeandika nyumba yake."

Mama Pacha aliutoa mkono wake wa kushoto, akachovya dole gumba kwenye wino mpaka ukucha ukapotea, akalikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu na kulishikilia hapo kwa muda.

"Hapo naweka," alisema.